Koti la Fundi wa Stesheni

Ukifika Majengo, pale Mpanda mjini, ukaulizia Zefania, watu watakuuliza Zefania yupi. Sema yule aliyekuwa akiitwa Mwalimu, na hata wauza nyanya watakuonyesha kile kibanda cha kuchaji simu na kutengeneza redio, mkabala na mashine ya kukoboa mpunga. Hajawahi kufundisha shule hata siku moja. Ualimu wake aliupata kwenye banda la video la marehemu Nkwabi, akiwa amesimama na kipaza sauti mkononi, na aliupata kwa uongo. Hilo la uongo watu hawakulijua mpaka Julai hii. Mwenyewe alilijua siku zote.

Mambo yalianza kidogo kidogo. Akiwa kijana alifagia ofisi za shirika moja kule makazi ya wakimbizi Mishamo, mwaka mmoja na miezi minne. Wazungu walipita wakisema maneno yao, Zefania akaitikia "yesi" na kuinua ndoo. Aliporudi mjini mwaka 1995, amevaa jinzi ya kupewa, watu wakaamua wenyewe kwamba kijana huyu Kiingereza anakijua. Yeye hakuwabishia. Kwa nini abishe? Hakuna aliyewahi kumfikiria kuwa anajua kitu chochote, na sifa ile ilimkaa vizuri mwilini.

Nkwabi, Msukuma mmoja mnene mwenye kucheka ovyo, alikuwa na televisheni, deki, na jenereta lililonguruma kuzidi filamu zenyewe. Siku hizo kila banda la video lilikuwa na mtu wake wa kutafsiri, anayesimama pembeni na kuwaeleza watu kinachosemwa, maana nani angekaa saa mbili nzima akisikiliza Kizungu? Nkwabi akamwita Zefania, akamkabidhi kipaza sauti, akamwambia, "We tafsiri tu, mwanangu." Filamu za ngumi hazikumsumbua. Mtu akipigwa amepigwa, na aliyempiga ana sababu zake. Sababu Zefania alizitunga palepale, na zilikuwa nzuri.

Halafu ikaja kanda ile.

Nkwabi aliitoa Tabora kwa mtu aliyekuwa akihama, na jina la kanda yenyewe lilishafutika kwenye karatasi. Ilikuwa filamu ya kuimba. Watu wanaongea kidogo, kisha wanasimama, wanaimba na kucheza, hata askari, hata wauza maua, hata mkata tiketi. Mama mmoja fundi cherehani ameweka mashine yake kwenye stesheni ya treni. Mumewe anapanda treni kwenda vitani. Mama anaanza kumshonea koti. Miaka inapita, treni zinakuja na kuondoka, mama anashona nguo za mji mzima, na koti liko pale limetundikwa msumarini. Mwisho kabisa, katika baridi kali, anashuka mwanamume mwenye ndevu, amekonda, anatetemeka. Mama anamtazama muda mrefu. Anachukua koti, anamvika, anaimba.

Watu wa Mpanda stesheni wanaijua. Reli inaishia hapa kwetu, na kila aliyeondoka zamani aliondokea pale. Kwa hiyo filamu ile waliipenda kabla hata haijatafsiriwa, wakaipa jina wenyewe: Fundi wa Stesheni.

Zefania aliitazama peke yake mara tatu. Akatunga hadithi yote kwa kuangalia sura za watu na mikono yao, na kwa wimbo wa mwisho akatunga maneno yake mwenyewe, yanayokwenda na muziki. Hata nywele ziwe nyeupe, nitakungoja. Hata reli iote majani, nitakungoja. Koti lako liko msumarini, nitakungoja. Siku ya kwanza alipoyaimba, banda zima lililia. Nkwabi alijifuta macho kwa kofia. Baada ya mwezi wimbo ule uliimbwa kwenye harusi, akina mama waliuimba wakipepeta mpunga, na Zefania akaanza kuitwa Mwalimu.

Je, alijua kwamba anadanganya? Alijua kwamba hajui. Alijiambia hayo ni mambo mawili tofauti. Tena, kwa jinsi alivyoitazama ile kanda, alikuwa karibu kuamini kwamba kapatia. Mwanamume kashuka kwenye treni, kavishwa koti, kakumbatiwa. Angekuwa nani kama si mume?

Aliyeipenda filamu ile kuliko wote alikuwa Dina. Naye alikuwa fundi cherehani, akishonea barazani kwa mama yake, nyumba nne kutoka kwa Nkwabi. Aliolewa kimila na Gratien, kijana wa Mishamo aliyekuwa akileta maharage mjini kwa baiskeli. Miezi sita baada ya harusi, mwaka 1996, Gratien alipanda treni kwenda Kigoma, ili avuke kwenda Burundi, kulikokuwa na vita, akatafute habari za mama yake. Alisema angerudi kabla ya palizi. Ilikuja barua moja kutoka Kigoma, kisha kimya.

Dina alikuwa akikaa benchi la mbele. Zefania alikumbuka jambo moja lililokuwa likimsumbua hata wakati ule: wengine walitazama televisheni, Dina alitazama mdomo wake. Mwaka uliofuata alinunua kitambaa kizito cha kijivu, akashona koti la mabega mapana lenye vifungo vinne, akalitundika msumarini chumbani. Kila aliyekwenda kupimwa gauni aliliona. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni la nani.

Mwaka 1999 akatokea Anselmo, seremala wa Kibaoni, mgane, mtu mpole anayenukia mbao. Alimtaka Dina. Wazee wa pande zote walikaa wakaona miaka mitatu bila habari inatosha, wakamwachia Dina aseme mwenyewe. Dina akaomba siku mbili. Siku ya pili, mchana, akaja bandani. Zefania alikuwa akisafisha deki kwa pamba na spiriti, na Nkwabi amekaa mlangoni na wateja wawili.

"Mwalimu, nikuulize kitu. Usinifiche."

"Uliza, da Dina."

"Yule mama, pale mwisho. Ni kweli anaimba kwamba atangoja? Au wewe unatupambia tu?"

Alimuuliza kwa sauti ya chini, kama anayeulizia dawa. Zefania aliona wateja wamegeuza shingo. Aliona na Nkwabi ameacha kucheka. Angeweza kusema, da Dina, tutoke nje kidogo. Angeweza kusema hajui. Neno lenyewe fupi tu, lakini lingemrudisha kwenye ufagio.

"Anasema hivyo hivyo," akajibu. "Neno kwa neno."

"Neno kwa neno?"

"Mimi nimekaa na Wazungu, da Dina."

Dina akashukuru, akaenda zake. Wiki ile ile ilisikika kwamba Anselmo amekataliwa. Alikuwa ameshanunua mbao za mninga za kitanda. Alizipakia kwenye lori, akarudi nazo Kibaoni, akaoa huko huko. Zefania alizisikia habari hizo kwa wateja bandani. Jioni hiyo watu walijaa kumwona Fundi wa Stesheni. Aliimba kwa sauti kubwa kuliko siku zote, na alipofika kwenye wimbo wa mwisho hakuthubutu kutazama benchi la mbele.

Nkwabi alikufa, deki ikauzwa, banda likawa stoo ya mahindi. Zefania akaingia kwenye redio, kisha kwenye simu. Lakini ualimu haukufa, maana aliurithisha. Binti yake Queen alikua akiambiwa na mji mzima kwamba baba yake anakijua Kiingereza, na kila jioni alimsomea daftari lake. Zefania alitikisa kichwa na kusema "veri gudi". Leo Queen ni mwalimu wa Kiingereza, sekondari, na mwalimu hasa. Hadi juzi, ulipomuuliza lugha aliipata wapi, alisema, "Kwa baba." Kila aliposikia hivyo Zefania alitazama chini, na watu walisema, ona alivyo mnyenyekevu.

Mwanzoni mwa Julai Queen aliingia kibandani na kompyuta yake chini ya kwapa, anahema.

"Baba! Wameitengeneza upya!"

"Nini?"

"Fundi wa Stesheni. Mpya kabisa, ya mwaka huu. Nimeitambua kwa stesheni na lile koti. Halafu ina maandishi ya Kiswahili chini. Jumamosi nawaonyesha wanafunzi wangu ukumbi wa parokia, na wazee wote wa Majengo nimewaalika. Wewe ndo mgeni rasmi. Utasema maneno kidogo, jinsi mlivyokuwa mnaionyesha zamani."

Zefania alisema vizuri, mwanangu. Alisema hivyo huku akipitisha chuma cha kulehemu kwenye redio ya mtu, mahali pasipohitaji kulehemiwa.

Walianza kuijaribu pale pale, kuona kama inacheza vizuri. Rangi zilikuwa kali, mama fundi alikuwa mwingine na treni nyingine, lakini kila kitu kilikuwa mahali pake: wauza maua, mkata tiketi, msumari. Mwanzoni Zefania alifurahi. Maandishi yalipita chini, na mara mbili tatu alikuta amepatia hasa. Kisha akaanza kukosea. Yule aliyekuwa akimwita mama mkwe mkorofi kumbe ni dada mtu. Yule afisa aliyekuwa akimtongoza mama fundi kumbe analeta barua za serikali. Kabla ya mwisho, simu ya Queen ikaita, shuleni wanamtaka. "Mwisho sitaki kuuona, nauweka wa Jumamosi tuuone wote," akasema, akaondoka mbio na kumwachia kompyuta.

Basi mwisho Zefania aliuona peke yake, kwenye stuli, watu wakipita nje na magunia. Treni ikaingia. Mwanamume mwenye ndevu akashuka anatetemeka. Muziki ukaanza, ule ule, uti wa mgongo ukaujua. Maandishi yakaja.

Treni zote zimekuja, hukuwa ndani ya hata moja. Leo naacha kungoja. Ndugu nisiyekujua, njoo. Koti hili ni la mwenye baridi.

Alirudisha nyuma, akasoma tena. Akarudisha mara ya tatu. Yule hakuwa mume. Hakuwahi kuwa mume. Mama fundi alikuwa akiimba kwamba amechoka kungoja na anakwenda kuishi, na Zefania kwa miaka yote amewaambia watu kinyume chake, tena kwa sauti tamu. Masikio yalimwaka moto. Aliona aibu peke yake kibandani, aibu ya kutaka kujificha chini ya meza, na hakuna hata mtu aliyekuwa akimtazama.

Queen aliporudi jioni kuchukua kompyuta, alimuuliza kwa ujanja, "Hivi hawa hawajabadilisha maneno ya nyimbo?"

"Wala, Baba. Ndo maana watu wanaisifia. Nyimbo hazijaguswa hata neno."

Mlango wa mwisho ukafungwa.

Kesho yake aliamua kwenda kwa Dina na kumwambia kabla ya Jumamosi. Si uamuzi mbaya. Tatizo ni kwamba hakuweza kwenda mikono mitupu, kwa hiyo alichukua suruali yake nzima, isiyo na kasoro, akafumua mfuko kwa wembe, akaikunja vizuri, akaenda nayo. Mtu mzima wa miaka hamsini na tisa.

Dina alikuwa barazani pale pale, na mashine ile ile, miwani ya kushonea imeshuka puani. Nywele zake zilikuwa nyeupe, na Zefania hakupenda kuzitazama. Majirani humwita da Dina au Fundi. Wanawake wa rika lake wote Majengo wanaitwa Mama fulani. Yeye hana wa kumpa jina hilo. Ndani, mlango ukiwa wazi, koti lilionekana msumarini.

"Karibu, Mwalimu. Nilijua utakuja. Queen kanipitia. Jamani, Jumamosi! Kitenge nimeshakipiga pasi."

"Nimekuja na huu mfuko."

"Lete." Aliugeuza, akautazama. Fundi haambiwi kitu kuhusu mshono. Lazima aliona umekatwa kwa wembe. Akatunga uzi kwenye sindano. "Kaa, kuna uji."

Zefania akakaa, akanywa uji wa mchele. Alianza mara tatu. Mara ya kwanza akasema, "Da Dina, ile filamu," na Dina akasema, "Yaani nitakaa benchi la mbele kama zamani." Mara ya pili akasema, "Unajua siku zile," na Dina akasema siku zile zilikuwa siku. Mara ya tatu alikohoa tu.

"Queen anasema kuna maandishi chini," Dina akasema, akikata uzi kwa meno. "Mimi mwenzio niliishia la tatu. Namba za futi nazijua, lakini yale yanayopita mbio ukutani siyawezi. Utanitafsiria wewe."

"Nitakutafsiria," akasema Zefania, akachukua suruali yake, akaenda nyumbani akijiita kwa majina ambayo sitayaandika.

Ijumaa aliamka anaumwa koo. Jumamosi alifunga kitambaa shingoni. Queen alimchemshia tangawizi, akaweka asali, akasimama mpaka amemaliza kikombe, akamwambia, "Haya, sauti imerudi." Ilikuwa imerudi kweli, maana haikuwa imekwenda popote.

Ukumbi wa parokia ulijaa saa nane mchana. Madirisha yalizibwa kwa vitenge, shuka jeupe likatundikwa ukutani. Nyuma walikaa wanafunzi wa Queen wenye sare; mbele wazee wa Majengo, waliokuja na mito ya kukalia. Dina alikuwa katikati ya benchi la kwanza. Queen alisema maneno mazuri mno kuhusu mtu aliyesimama na kipaza sauti akawafungulia watu wa Mpanda dunia. Walimpigia makofi. Zefania akainama, wakasema ona alivyo mnyenyekevu.

Filamu haijafika dakika kumi, Mzee Ponsian, aliyekuwa mkata tiketi wa banda la Nkwabi, akapaza sauti. "Sisi mambo ya kusoma ukutani tuliyaacha darasa la nne! Mwalimu, simama bwana! Tafsiri!" Wazee wakaitikia. Wanafunzi wakacheka, wakafurahi. Queen akamletea baba yake kipaza sauti mwenyewe, macho yanamng'aa.

Zefania alisimama pembeni mwa shuka, mahali pake pa zamani. Akaanza kusoma. Alisoma yaliyoandikwa, na kila alipopita mahali alipokosea zamani kulisikika minong'ono. "Mbona yule alikuwa mama mkwe?" "Wamebadilisha." "Wazungu nao." Angeweza kujificha humo, kwenye kubadilisha. Mpaka robo tatu ya filamu alikuwa bado anapanga kujificha humo.

Kisha treni ikaingia, muziki ukaanza, na wazee hawakumngoja. Waliimba wenyewe. Hata nywele ziwe nyeupe, nitakungoja. Upande mzima wa mbele, wanawake wakiyumba, Mzee Ponsian amefumba macho. Nyuma, wanafunzi walisoma ukutani, wakawatazama bibi zao, wakasoma tena. Queen alikuwa amesimama kando ya mlango. Alisoma mstari wa kwanza, akakunja uso. Alisoma wa pili, akamgeukia baba yake.

Dina hakuwa akiimba. Alikuwa akimtazama Zefania mdomoni.

Kipaza sauti kilianza kutetemeka mkononi, na mkono wote, na magoti. "Nyamazeni," akasema. Hawakumsikia. "Nyamazeni, jamani. Nyie, nyamazeni!" Sauti zikafifia, ukabaki wimbo wa Kizungu peke yake.

"Hasemi hivyo," akasema Zefania. "Anasema, treni zote zimekuja, hukuwa ndani ya hata moja. Anasema, leo naacha kungoja. Yule si mumewe. Ni mtu tu, mpita njia. Anasema koti ni la mwenye baridi."

Mtu akacheka. "Wamebadilisha, Mwalimu!"

"Hawajabadilisha. Hakuwahi kusema nitakungoja. Nilitunga mimi. Kiingereza nilikuwa sikijui. Mpaka leo sikijui."

Mzee Ponsian alicheka peke yake, akiamini ni utani, akangoja wenzake wacheke, hawakucheka. Picha ikaisha, majina yakaanza kupanda ukutani, na mtu akafungua dirisha. Mwanga uliingia ukamkuta Zefania amesimama palepale na kitambaa chake shingoni. Watu walitoka bila kumuaga, wakishika mito yao. Dina alikunja kitenge chake cha begani, mkunjo juu ya mkunjo, akapita mbele yake, akaenda zake. Zefania alikuwa amejiandaa kutukanwa. Kutukanwa kungemsaidia.

Alirudi nyumbani na Queen, kila mmoja ameshika upande wake wa boksi la projekta. Walifika karibu na mashine ya kukoboa ndipo Queen akasema.

"Nilipokuwa nakusomea daftari langu, Baba. Kila jioni."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaitikia tu?"

"Nilikuwa naitikia tu."

Queen hakuachia boksi. Alilia kimya kimya huku anatembea, na Zefania akatembea naye, hatua kwa hatua, akiogopa kulegeza upande wake.

Jumapili hakwenda kusali. Jumatatu alifungua kibanda, watu wakaleta simu zao, wakasema Zefania, ichaji hii. Hakuna aliyesema Mwalimu. Hawakufanya kwa ubaya. Jina lilikuwa limeanguka lenyewe.

Jumanne asubuhi, baridi ya Julai bado haijapungua, Dina akaja. Alikuwa na mfuko wa rambo mkononi, na futi shingoni. Akatoa lile koti la kijivu, akalikung'uta mara moja. Likatoa vumbi na harufu ya nondo.

"Simama," akasema.

"Da Dina..."

"Simama, Zefania."

Akasimama. Alimvika mkono mmoja, kisha wa pili, kama anavyomvika mteja yeyote, akamzunguka. Watu wa mashine ya kukoboa waliacha magunia wakatazama. Hakuna mtu Majengo asiyelijua koti lile.

"Mabega yamekupwaya. Gratien alikuwa mpana." Akachomoa pini, akaziweka mdomoni, akaanza kubana bega la kushoto. Alisema kwa kona ya mdomo, taratibu. "Anselmo alinipimia kitanda. Alikuja na futi yake, akapima ukuta wa chumba changu. Nikamwambia asubiri, nikaulize."

Zefania alitaka kusema nisamehe. Aliliona neno lenyewe ni dogo mno, akaona aibu hata kulitoa.

"Ungesema tu hujui," akasema Dina. "Nisingekucheka. Ningekwenda kuuliza mwingine."

"Kwa nini unanipa mimi?"

"Si umesema mwenyewe ni la mwenye baridi? Nilikuona pale mbele unatetemeka." Akamgeuza kwa mabega, akapiga mstari wa chaki mgongoni. Mkono wake haukuwa na hasira wala upole. Ulikuwa mkono wa kazi. Alibana pini moja, ya pili, halafu akasita na ya tatu ikiwa hewani.

"Zefania. Unafikiri yuko hai?"

Alimtazama mdomoni, vilevile kama kwenye benchi la mbele, miaka ishirini na saba iliyopita. Wale wa mashineni walikuwa wakisikiliza. Na majibu yalimjia, maana hayakuwahi kumwacha: matamu yalikuwepo, na ya kufariji, hata yenye wimbo.

"Sijui," akasema.

Dina alitikisa kichwa kidogo, kama aliyelingoja neno hilo. Akachoma pini ya tatu mahali pake.

"Haya. Alhamisi uje ulichukue."